Nyumba Yenye Rangi ya Mazishi

Tik.

Kimya. Halafu tena: tik, tik.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nami nilikuwa nikipapasa mezani kutafuta kiberiti. Nilidhani ni panya. Nikawasha mshumaa, nikauinua juu.

Hakukuwa na panya. Plasta ilikuwa inadondoka kutoka darini, chembe baada ya chembe, juu ya mfuniko wa sufuria yangu ya wali.

"Mama," akasema binti yangu Tega, akiwa ameshika kijiko, "nyumba inatia chumvi."

Nilicheka, wasomaji wangu. Nilicheka kwa sababu Tega alikuwa ananitazama. Lakini niliusogeza mkeka wake mbali na pale kwenye ufa, nikala wali wangu nikiwa nimeinua macho kama mtu anayesubiri mvua ndani ya nyumba.

Mnaonisoma kila Jumamosi mnazijua shida zangu. Kwa wewe uliyefungiwa maandazi kwenye gazeti hili na sasa unasoma huku unakula, karibu. Mimi naitwa Ejiro, mtu wa Warri. Mume wangu, Onome, ni mpishi kwenye meli ya mafuta, yuko nyumbani mara chache kuliko umeme. Tega ana miaka minne. Tunaishi Mushin, hapa Lagos, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ambayo wakaguzi wa majengo walikuja kuichora X nyekundu, kubwa, ukutani chini ya ngazi.

Kila mtu mjini kwetu anajua maana ya X hiyo. Tokeni. Nyumba hii itabomolewa kabla haijajibomoa yenyewe ninyi mkiwa ndani. Tulipewa hadi mwisho wa mwezi.

Tega hajui. Yeye aliitazama ile X siku ya kwanza, akasema ni mkasi. Tangu hapo, kila tukipita, lazima asimame aufuatishe mkasi wake kwa kidole, mguu mmoja, halafu mguu wa pili, ndipo twende.

Basi nimekuwa natafuta nyumba. Mnakumbuka ile yenye bomba jikoni ambalo lilikuwa limepigiliwa ukutani kwa misumari, nyuma yake hakuna kitu? Mnamkumbuka yule mwenye nyumba wa wiki iliyopita, anayefunga lango kabla darasa langu la jioni halijaisha, akaniambia mwanamke anayesoma usiku anatafuta kazi ya kumwacha mumewe? Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama Risi.

Mama Risi ni jirani yangu wa chini. Anakaanga bajia za kunde barazani, na amehama nyumba nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Shida yako, Mama Tega," akaniambia huku anageuza bajia, "unakagua nyumba kama unakagua kitambaa. Unashika, unageuza, unasema nzuri. Nyumba haisemi. Watu ndio wanasema."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Gonga mlango wa mpangaji. Omba maji ya kunywa. Akikujazia kikombe bila kuangalia ndoo yake, maji yapo. Akikupa nusu huku anakusindikiza kwa macho mpaka kooni, kimbia."

"Na mafuriko?"

"Nusa ukuta. Rangi inaficha alama ya maji, haifichi harufu. Ukuta uliokunywa maji unanuka soksi."

"Na mwenye nyumba mwenyewe?"

Mama Risi akaacha kugeuza bajia. "Huyo usimuulize kitu. Atakudanganya na utapenda. Wewe watazame watoto. Akikohoa langoni wakikimbia, na wewe kimbia. Wakiendelea kucheza, lipa."

Nikayakariri hayo yote kama ninavyokariri masomo yangu. Na niseme ukweli, hakuna somo nililowahi kulishika vizuri hivyo.

Asubuhi baada ya usiku ule wa plasta, dalali akapiga simu.

"Madamu Ejiro! Leo sikupeleki kwenye nyumba. Nakupeleka peponi."

"Sikiru, wiki iliyopita pia ulisema pepo."

"Ile ilikuwa pepo ya wazee. Hii ni ya vijana. Vaa viatu."

Tukashuka. Tega akasimama kwenye mkasi wake, kidole juu, kidole chini.

"Mama, tukihama, mkasi tunauchukua?"

"Hapana, mwanangu. Mkasi unabaki."

"Utalala na nani?"

Mnaona maswali ninayoulizwa kabla sijanywa chai? "Utalala peke yake," nikasema. "Ni mkubwa."

Nyumba ilikuwa Shomolu, nyuma ya shule, ghorofa tatu, nyeupe. Nyeupe pee! Nyeupe ya kukufanya ukunje macho. Madirisha yote yana vioo. Mtaro mbele yake una mfuniko. Nilisimama barabarani nikaanza kupenda kabla sijaruhusiwa na Mama Risi.

Nikajikaza. Nikaenda ukutani, nikainama, nikanusa.

"Dada," akasema Sikiru, "unabusu ukuta?"

"Nanusa."

"Watu wa Warri mna mambo."

"Na watu wa Lagos mna misumari nyuma ya mabomba. Ngoja ninuse."

Hakukuwa na harufu ya soksi. Kulikuwa na harufu ya rangi mpya tu, tena nzuri.

Tukaingia. Pale chini ya ngazi, ukutani, palikuwa na bango kubwa la plastiki, refu kuliko mimi. Bibi kizee mwenye kilemba kipana na shanga nyekundu shingoni, anatabasamu kama aliyeshiba. Chini yake wameandika: Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya Mama Abigaeli Fasuyi.

Sikiru akavua kofia, akagusa sakafu kwa vidole. Mimi nikapiga goti, nikamwonyesha Tega naye apige.

"Bibi yuko nyuma hapo?" akauliza.

"Shh. Bibi yuko mbinguni."

"Mama yake mwenye nyumba," Sikiru akaninong'oneza. "Amezikwa baada ya Pasaka. Walifunga barabara yote, waliimba mpaka jogoo akachoka. Ndiyo maana unaona rangi."

Nikaitikia kwa kichwa. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwetu mzazi aliyekula chumvi nyingi akifa, nyumba hupakwa rangi kabla jeneza halijachaguliwa. Alipofariki bibi yangu kule Ughelli, tulipaka mpaka banda la kuku. Hakuna anayeuliza kwa nini nyumba ya msiba ni mpya, na hakuna anayegusa bango la marehemu. Linakaa mpaka jua lilichoshe lenyewe.

Basi nikagonga mlango wa kwanza, chumba cha chini.

Akafungua mama mmoja mnene, amejifunga kitenge cha zambarau. Alijitambulisha kwamba ni Mama Ebube.

"Samahani, dada yangu. Mtoto ana kiu. Tunaomba maji."

Hata hakuuliza sisi ni nani. Akaingia, akarudi na kikombe kimejaa mpaka mdomoni. Tega akanywa nusu. Yule mama akachukua kikombe na yale maji yaliyobaki, wasomaji wangu, akayamwaga kwenye chungu cha maua!

Mjini hapa! Kwenye maua!

"Kitenge kizuri," nikasema, ili nisionekane ninalia.

"Sare ya mazishi ya mama yake mwenye nyumba. Alitugawia."

"Mliuziwa?"

"Alitugawia bure. Vyumba vyote."

Sijawahi kusikia. Sare ya mazishi hununuliwa, hata na ndugu, hata na wajane. "Mwenye nyumba wa namna hiyo anapatikana wapi?" nikauliza.

Mama Ebube akacheka kidogo, kicheko kifupi. "Wewe uliza habari za maji, dada. Maji yapo." Halafu akamtazama Tega. "Mtoto mzuri. Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne." Akatupa jicho upande wa ngazi. "Sisi tulikuwa tumeshalipa kodi ya miaka miwili, unajua. Mtu akishalipa..."

Sikiru akakohoa.

"Karibuni sana," akasema Mama Ebube, akafunga mlango.

Nikamwambia Sikiru, "Alitaka kusema nini?"

"Alitaka kuomba mtoto. Hujamwona? Ana watoto wa kiume watupu."

Nikaridhika. Ninyi mnaosoma mmekaa kwenye viti vyenu mtaniuliza kwa nini niliridhika. Niliridhika kwa sababu nilikuwa nataka kuridhika.

Ndipo tukasikia kikohozi langoni.

Nikashika bega la Tega, nikawakazia macho watoto. Uani palikuwa na wasichana kama watano wanaruka kamba, na wengine wadogo wanacheza mpira wa soksi. Akaingia mzee mwenye mvi, fulana nyeupe, kofia iliyokunjwa upande, kandambili.

Hakuna aliyekimbia!

Kamba iliendelea kuzunguka. Kisichana kimoja kikamwendea, kikatia mkono kwenye mfuko wa suruali yake kama mfuko wa baba yake, kikatoka na karanga. Mzee anacheka tu.

Mara moja tu alipaza sauti. Mpira ulibingirika mpaka chini ya ngazi, kwenye lile bango. "Huko kwa Mama hapana!" akasema. Na msichana aliyeufuata mpira aliuendea kwa ncha za vidole vya miguu, kama yuko kanisani.

Nikajiambia: mtu anayemheshimu mama yake kiasi hiki, hata mimi, mama Tega, ataniheshimu.

Nikapiga goti kumsalimia.

"Inuka, binti yangu, inuka. Mtoto anaitwa nani? Tega? Tega, unapenda karanga?" Akampa kiganja kizima. "Na mume yuko wapi?"

Hapo ndipo huwa naanguka kila nyumba. "Yuko baharini, baba."

"Wote wanakuwa baharini. Mpigie."

Nikapiga. Bahati nzuri Onome akapokea, nyuma yake upepo na sufuria zinagongana.

"Wewe ndiye mume?" akauliza mzee kwa sauti ya kufika baharini bila simu.

"Ndiye mimi, baba! Nimelala kifudifudi hapa kukusalimu!"

"Umelala kifudifudi jikoni?"

"Sakafu ni safi, baba! Niliipiga deki mwenyewe!"

Mzee Fasuyi akacheka mpaka akashika ukuta. "Unapika nini?"

"Supu ya pilipili."

"Niwekee yangu. Sikiliza, dalali ananiambia mkeo anasoma jioni. Unajua?"

Nikafumba macho. Wiki iliyopita neno hilo ndilo lililonitoa nje.

"Ada ninalipa mimi, baba," akasema Onome.

"Vizuri. Lango langu silifungi mpaka msomi wa mwisho arudi."

Wasomaji wangu, nilitaka kumkumbatia. Kama si heshima, ningemkumbatia.

Akatupandisha kuona chumba. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Dirisha linatazama uwanja wa shule, na Tega akabandika pua kwenye kioo akahesabu watoto waliovaa sare za kijani. Nikagonga kuta kama fundi. Juu ya mlango nikaona kamstari, kembamba kama unywele, kamezibwa vizuri.

"Baba, huu si ufa?"

"Nyumba zote hukunja uso kidogo zikizeeka," akasema. "Hebu nitazame mimi."

Tukacheka wote. Sikiru ndiye aliyecheka zaidi.

"Dada," akanisogelea, "mchana huu wanakuja wengine wawili kuona. Mmoja ni mfanyakazi wa benki. Mimi nakupenda wewe kwa sababu ya mtoto, lakini benki ni benki."

Nikamtazama Tega. Alikuwa amekwishachagua pembe yake, amekaa chini na karanga zake, anaimba. Juu yake dari ilikuwa nyeupe na haidondoshi kitu. Nikafikiria usiku wa jana, ule mshumaa, lile tik. Nikafikiria mwanangu amelala mahali ambapo sina haja ya kutazama juu.

Nikampigia tena Onome.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Nimeridhika."

"Umenusa?"

"Nimenusa."

"Maji?"

"Wanamwagia maua, Onome."

Alikuwa ameondoka nyumbani miezi mingi kwa ajili ya fedha hiyo, kodi ya miaka miwili kwa mpigo kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wetu, na hatukuwa na nyingine nyuma yake. "Nipe jina lake vizuri," akasema. "Natuma sasa hivi."

Tukashuka, tukakaa uani kwenye viti vya plastiki. Mzee Fasuyi akaweka simu yake juu ya stuli katikati yetu. Akatoa ufunguo mfukoni, akaupangusa karanga, akaniwekea kiganjani.

"Simu hii ikilia tu," akasema, "wewe ni binti wa nyumba hii."

Ufunguo ulikuwa wa moto kwa joto la mfuko wake. Niliukunja kwenye ngumi.

"Nimebonyeza," akasema Onome sikioni mwangu. "Inazunguka. Bado inazunguka. Ejiro, mtandao wa huku..."

Akakatika.

Basi tukabaki tunaitazama ile simu kwenye stuli, watu wazima watatu, kama tunaotazama maji yakichelewa kuchemka. Sikiru anatingisha goti. Mzee anapepea na kofia. Mimi naomba kimoyomoyo: Mungu wangu, ipitishe. Ipitishe upesi kabla mtu wa benki hajafika.

Simu haikulia.

"Itapita," akasema mzee. "Bahari ni mbali."

"Itapita, baba."

Nikanyoosha mkono kumshika Tega. Mkono ukashika hewa.

Nikageuka. Alikuwa chini ya ngazi, mbele ya bango la Mama Abigaeli, amepiga magoti kama nilivyomfundisha. Moyo wangu ukayeyuka. Mtoto gani huyu, nikawaza, mwenye adabu bila kukumbushwa? Nikataka kumwambia mzee, tazama, baba.

Halafu Tega akainama zaidi. Akashika pembe ya chini ya bango, akaiinua, akatia kichwa nyuma yake. Anamtafuta bibi.

"Wewe mtoto!"

Mzee Fasuyi alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka. Sikuwa nimesikia sauti hiyo kwake. Kamba ya wasichana ikaanguka chini. Wakatazamana, wakakimbia. Wote. Wakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, na mlango wa Mama Ebube ukafunguka kidogo, jicho moja likachungulia.

"Tega! Achia!" Mimi nami nilikuwa nimesimama, aibu imenipanda mpaka masikioni. "Baba, nisamehe, ni mtoto, hajui, hakukusudia kumvunjia heshima marehemu..."

Mzee hakunisikia. Alikuwa anakwenda, kandambili moja imebaki nyuma.

Tega hakuachia. Bango limemfunika mabega kama khanga. Nikaona kidole chake kidogo kinapanda ukutani, kinashuka, kinapanda tena upande wa pili, polepole, bila kukosea, kama kinavyofanya kila asubuhi. Kisha akatoa kichwa, akanitazama, uso wote umejaa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Mama, mkasi wetu uko huku."